Theluji ya Magudju

Watu wakinisikia nikisema kwamba pale Moroni, mtaa wa Magudju, tulikuwa na siku za theluji, hudhani nimeanza kuchanganyikiwa. Waache wadhani. Theluji tulikuwa nayo, na mimi ndiye niliyeifurahia kuliko wote, ingawa sijawahi kuiona wala sina hamu nayo.

Neno alilianzisha binti yangu, alipokuwa na miaka kumi na miwili hivi, siku moja aliporudi kutoka shule ya Wafaransa. Kitabu chao cha kusomea kilikuwa na picha ya nyumba iliyofunikwa na kitu cheupe hadi madirishani. Ndani watoto wamekaa karibu na moto wanakula mkate, na mama yao kasimama nyuma yao anacheka. Akanieleza kwamba hiyo ni baridi inayoanguka kutoka mbinguni ikaziba njia zote, mwalimu akafunga shule, basi watoto wakashinda nyumbani na mama yao. "Kwa Kingazija sijui inaitwaje," akasema. "Kwa Kiswahili mnalo neno?" Nikamwambia tunalo, theluji, na yeye pia angelijua kama angesali kwa makini, maana limo katika ile dua ya kuomba tuoshwe dhambi kwa maji na theluji na barafu. Akatumbua macho. Kumbe miaka yote alikuwa akiomba aoshwe kwa kitu asichokijua!

Tangu siku ile, kila mvua za kaskazi zilipozidi hadi shule ikafungwa, binti alikuwa akisukuma dirisha kidogo, anachungulia mifereji inavyomwagika kwenye uchochoro, anatangaza, "Mama, leo theluji!" Kisha huyo, anarudi kitandani. Na mimi nikiwa jikoni namshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa sababu siku za theluji ndizo pekee nilizokuwa na watoto. Siku nyingine nilikuwa na sahani zao tu.

Nijieleze kidogo. Mimi ni Mngazija niliyezaliwa Unguja. Nilicheza Unguja, nikaolewa Unguja, nikazaa Unguja, na mambo ya Unguja yalipochafuka nikarudi Ngazija na watoto wawili wadogo, mvulana na msichana, kwenye nyumba ya mama yangu ya Magudju. Nasema nikarudi, lakini ukweli nilikuwa sijawahi kufika. Wafaransa walikuwa bado ndio watawala, na karatasi zote zilikuwa za Kifaransa. Baba yao akapata kazi Mutsamudu, kisiwa cha pili, Nzuani, bandarini, kusimamia magunia yanayoshuka melini, na huko akaoa mke mwingine. Sikugombana naye. Kwangu alikuwa akija kama mgeni mwema, anakaribishwa vizuri na anaondoka vizuri. Kule nyumba ni ya mwanamke, na mwenye nyumba haulizwi maswali mengi.

Ugomvi wangu ulikuwa na watoto, tena wa neno moja tu. Kwa Kiswahili mdogo humwamkia mkubwa "shikamoo", na mkubwa hujibu "marahaba". Kwa Kingazija marahaba ni asante. Basi mimi nampakulia mwanangu wali, nampa kipande cha samaki chenye nyama kuliko changu, na yeye bila hata kuinua kichwa ananiambia, "Marahaba." Mimi! Mama mzima! Kama vile nimeinama kumwamkia! Najua, najua, alikuwa akishukuru. Hata marehemu mama yangu alikuwa akizungumza Kingazija, hasa akikasirika. Lakini sikio langu lilizaliwa Unguja na lilikataa kata kata kufundishwa. Kila mara damu ilinichemka, na kila mara nikamuuliza, "Ebo! Kwani nimekuamkia?"

Binti alikuwa akicheka. Kijana alikuwa akitazama pembeni. Na hiyo shikamoo yenyewe sikuipata kwa yeyote kati yao. Walisema wakisikika nje wakitumia maneno ya Unguja wanaitwa wageni, na mtoto wa shule hakuna kitu anachokiogopa kama kuitwa mgeni. Walipokuwa wadogo walikuwa wakiongea Kiswahili kitamu, usingeweza kuwanyamazisha. Walipofika umri wa kunyoa na kusuka nywele kwa mtindo, wakawa wananijibu kwa Kingazija, na wakitaka kunisengenya mbele yangu, kwa Kifaransa.

Kisha kulikuwa na jambo la kibanda. Kule mtoto wa kiume akishabalehe halali kwa mama yake. Nyumba ni ya mama, kesho itakuwa ya dada, na mvulana mwenye ndevu akionekana amelala mle ndani ni aibu. Vijana hujijengea kibanda chao, fito na makuti, wakalala wao kwa wao mpaka waoe. Kwetu Unguja sikuyaona hayo. Mwanangu alipofika miaka kumi na mitano akachukua mkeka wake na mto wake, akahamia kibandani na wenzake wawili, nyuma ya kiwanda cha seremala. Ni mwendo wa kuvuka uchochoro mara mbili. Nikalia kama ameenda Makka kwa miguu.

Akawa anakuja kula tu. Anasimama mlangoni, anapokea sahani, marahaba, kwani nimekuamkia, huyo kaondoka. Asubuhi namtuma dada yake akamgongee asichelewe shule, maana kijana yule Mungu alimpa usingizi usio na mfano. Ungeweza kumpigia ngoma sikioni. Niliulaani usingizi ule kila alfajiri ya Mungu. Nilimwambia usoni kwamba usingizi wake utakuja kumtia umaskini.

Alipofika miaka kumi na saba, baba yake akatuma salamu kwa mtu aliyekuwa akitoka Mutsamudu: pana kazi bandarini, mtoto aje, asimame naye kwenye magunia. Mwaka mmoja tu ulikuwa umembakia kumaliza shule. Nikasema aka, haendi. Yeye akasema, "Nimeamua, mama." Akalisema taratibu, bila ubishi, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtoto anayebishana bado yuko kwako. Anayekwambia nimeamua huyo ameshapanda chombo.

Meli yenyewe ilikuwa ya mizigo, ndogo, ya kwenda Nzuani na karafuu na abiria wachache, na ingeng'oa nanga alfajiri. Jioni ya kuamkia safari akaja mlangoni kuaga. Nilikuwa nimepika tangu mchana: mkate wa sinia, ndizi za kuchemsha, samaki wa kukaanga mkavu asioharibika. Nikamfungia kwenye kikapu, nikakifunika kwa kitambaa safi, nikampa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, mazuri, ya mama kwa mwana. Akakipokea kikapu, akasema, "Marahaba, mama."

Na mdomo wangu, wallahi sijui uliongozwa na nani, ukasema, "Kwani nimekuamkia?"

Akanitazama. Hakukasirika. "Ndiyo maana naondoka," akasema, akageuka na kikapu chake, akapotea kwenye kona ya seremala.

Nilisimama pale mlangoni mpaka binti akanivuta ndani. Nikamwambia adabu ni adabu, hata mtu akiwa anasafiri. Binti akazima taa.

Upepo uliniamsha kabla ya adhana. Kaskazi nilikuwa nimeizoea, lakini huu haukuwa upepo wa kaskazi. Ulikuwa unalivuta paa na kuliachia, unalivuta na kuliachia, na mabati yanalia. Kulipopambazuka hakukupambazuka vizuri, kukawa na weupe mchafu tu, na mvua inakuja ubavu. Binti alisukuma dirisha kama kawaida yake. Hakusema theluji. Alilifunga kwa komeo, akaja kukaa karibu nami.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa bibi mwenye redio, na mwenye habari hata zisizokuwa redioni. Akaja mbio na mkeka kichwani, maji yanamtiririka, akasema tufani imekuja, shule zimefungwa, watu wasitoke. "Na ile meli ya Nzuani," akasema, "mume wangu ametoka kusali, kaangalia pwani, haipo. Imeshaondoka na giza." Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa anasafiri. Akaziba mdomo kwa kiganja. Akasema Mungu ni mkubwa, akarudi kwake mbio zile zile.

Nikakaa chini sakafuni, kwenye maji, maana paa lilikuwa limeshaanza kuvuja. Nilimwona mwanangu juu ya sitaha ya ile meli, na kikapu changu. Na sikuweza kumwona bila kulisikia lile neno nililomuaga nalo. Kuna wanawake wanaowaaga wana wao kwa Ayat al-Kursi. Mimi nimemuaga wangu kwa kumgombeza kwa sababu ameshukuru.

Nikasimama, nikajitanda kanga, nikasema nakwenda pwani. Binti akasimama mlangoni, mikono ameitanua. Alikuwa mwembamba wa kuvunjika. "Utafanya nini pwani?" akanipigia kelele. "Utaivuta meli kwa mkono?" Nikamwambia nipishe. Akasema hanipishi, na kama nataka kupita nimpige. Tukatazamana. Kisha akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na tukakaa tena chini kwenye maji, tukawa tunasoma kila tulichokihifadhi, yeye anaanza na mimi namalizia. Sijui tulikaa muda gani. Tuliweka mabeseni na masufuria chini ya matundu ya paa, yakijaa tunayamwaga, tunarudi kusoma.

Mlango ukapigwa. Nikajua ni upepo. Ukapigwa tena, kwa teke. Binti akavuta komeo, na mlango ukamtupa ukutani, na pale kizingitini akasimama mwanangu, maji yanamtoka kila mahali, kipande cha kuti kimemkwama shingoni, na mkononi ana kikapu changu, kitambaa kikiwa bado kimefungwa vile vile nilivyokifunga.

"Kibanda kimeondoka," akasema. "Paa lote. Wenzangu wamekimbilia kwao."

Nilikuwa nimekodoa macho tu. Ndipo sauti ikanitoka. "Na meli?"

Akatazama chini. "Imeniacha."

"Imekuachaje?"

Akajikuna shingo, akalitoa lile kuti, akaliangalia kana kwamba ndilo lenye kosa. "Nililala."

Loo! Nilimpiga kofi la bega, nikamkumbatia, nikampiga jingine, nikamkumbatia tena. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma na machozi yananitoka. Nililala! Usingizi ule niliokuwa nikiulaani, usingizi wa kutia umaskini! Binti alikuwa amekaa chini ya ukuta anacheka na kulia, anarudia, "Kalala! Kalala!" Na yeye anatutazama sote wawili, maji yanamchuruzika, haelewi kwa nini nyumba nzima imepata wazimu. Wahenga walisema kawia ufike. Mwanangu alikuwa amekawia kabisa, na amefika.

(Meli, nisije nikakuacha roho juu, ilisalimika. Nahodha alikuwa mtu mzima, alipoona bahari inabadilika akajificha nyuma ya kisiwa cha Mwali mpaka ikatulia. Karafuu zililowa, watu walikuwa wazima. Lakini habari hiyo tuliipata baadaye, kwa jirani, na mpaka tulipoipata nilikuwa nikiwaombea wale abiria kwa nguvu ya mtu ambaye wake ameshanusurika.)

Basi ndipo ilipoanza theluji yetu kubwa, ile ninayoikumbuka kuliko zote. Shule ilifungwa, soko lilifungwa, pwani ilifungwa. Kibanda hakipo. Na tufani haimwulizi mtu ana ndevu au hana. Mwanangu akalala ndani ya nyumba yangu, ukumbini, kwenye mkeka, na hakuna jirani aliyeweza kutoa kichwa nje kuona. Usiku wa kwanza niliamka makusudi, nikaenda kumtazama tu. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, beseni linadondokewa karibu na sikio lake, wala hasikii. Nikarudi kulala nikiwa nimeshiba.

Kikapu cha safari tulikila kwanza. Mkate wa sinia ulikuwa umenyonya maji upande mmoja, tukaugombania upande mwingine. Baada ya hapo tulikuwa tukila kilichokuwemo: mashelisheli ya kuchoma, kisamvu cha nazi, chai ya mchaichai. Tukacheza karata. Binti anaiba, sijui alifundishwa na nani, na kaka yake anamwona na anamwacha mpaka mwisho ndipo anamshika mkono na kutoa karata tatu kutoka kwenye upindo wa nguo. Wakagombana, wakanuniana, wakasahau. Wakagombania shuka kavu. Niliwaacha wagombane. Nilikuwa sijasikia ugomvi wao miaka miwili, tangu kijana ahamie kibandani, na ulikuwa mtamu masikioni.

Siku moja mchana kijana alikuwa amelala, na binti alikuwa anasaga liwa yake ya msandali ya kujipaka usoni. Nikamwona anamnyemelea kaka yake. Nikamkonyeza asifanye. Nikamkonyeza tena afanye. Akampaka uso mzima, kwa ustadi, mashavu na paji la uso, na duara moja zuri kwenye ncha ya pua, kama bibi harusi. Hakuamka. Aliamka jioni, akala, akaongea, akakaa nasi hadi alipokwenda kutawadha, akajiona kwenye maji ya birika la kuogea, ndipo tukasikia ukelele. Hapo nikajua kwamba mtu akilala hivyo, hata nahodha angekuja mwenyewe kumwita asingempata.

Jambo jingine ambalo theluji ililifanya ni kufunga madirisha. Kwa madirisha yaliyofungwa, mvulana anaweza kufanya kazi ambazo nje angekufa kwa aibu. Nilikuwa napika, binti anazoa maji sakafuni, na nazi haijakunwa. Kijana akakaa mwenyewe kwenye mbuzi, akachukua kizio cha nazi, akaanza kukuna. Anakuna vibaya, anachanganya na ganda, lakini sikusema kitu. Nikamsogezea sahani.

Akawa anakuna huku hanitazami. Kisha akasema, na alilisema kwa Kiswahili, Kiswahili kilichoota kutu, cha mtoto wa miaka mitano, maana hapo ndipo alipokiacha: "Mama, mimi asante nyingine sina."

Nikamwambia sikumwelewa.

"Kila nikishukuru unasema sina adabu. Nikisema shikamoo nje wananicheka. Nikisema marahaba ndani unanigombeza. Niseme nini?"

Nikakoroga sufuria ambayo ilikuwa haihitaji kukorogwa. Nilitaka kumwambia kwamba shikamoo ndiyo iliyokuwa imebaki ya Unguja yangu, kwamba nilikuwa nimeacha nyumba na jamaa na makaburi, na kitu pekee nilichoweza kukibeba kwenye chombo bila kulipia ni namna ya kuamkiana. Nikasema, "Unakuna ganda hilo." Akacheka kidogo, akageuza kizio.

Tulipokaa kula nikampakulia. Akapokea sahani. Akasita, nikamwona anasita, kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Marahaba, mama."

Binti akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena. Mvua inapiga mabati. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nalihisi, lina ladha yake. Nikalimeza. Nikasema, "Kula, kitapoa." Tukala. Na nilihisi wepesi nisioweza kuueleza, kama nimetua ndoo niliyoibeba kichwani tangu bandari ya Unguja.

Kisha jua likatoka, la ghafla, bila hata kuomba radhi. Magudju ikafunguka, watu wakatoka kuangalia nani amepoteza paa na nani amepoteza mbuzi, na jirani mwenye redio akaja kunihesabia yote. Akamwona kijana ukumbini. Akafumba jicho moja, akasema, "Tufani ni tufani," akaondoka. Mimi nilikuwa na huzuni. Ndiyo, nasema wazi, nilichukia kuliona lile jua. Theluji imeyeyuka, pwani itafunguliwa, meli nyingine itakwenda Mutsamudu, na safari hii dada yake mwenyewe atamgongea asilale, kwa sababu mambo ya kuzuiana kwa hila hayafai.

Kijana alikwenda na wenzake, wakakijenga upya kibanda chao. Kutwa nzima nilisikia nyundo. Magharibi akaja mlangoni kuchukua sahani. Nikamuuliza, nikijifanya nafuta kizingiti, "Umepata habari za meli?"

"Ipo ya Jumatano," akasema.

"Nitakupikia, basi."

Akajikung'uta makuti mabegani. Kisha akasema, "Baba ataningoja mwaka mmoja. Nimempa salamu zake mtu anayeondoka na meli hiyo." Akaipokea sahani. "Nikiweza kuchelewa meli naweza kuchelewa magunia."

Sikumwuliza kilichombadilisha, na mpaka leo sijamwuliza. Mtu akipewa alichoomba haulizi kilitoka duka gani. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa juu ya kitanda changu na kushusha pumzi ndefu. Binti akaniambia nina uso wa ile picha ya kitabuni, ya mama wa theluji.

Alimaliza shule, akafaulu, na ndipo akaenda Mutsamudu kweli. Nilimsindikiza pwani mwenyewe. Sikulia sana. Kaskazi iliyofuata nikajipa moyo nikamfuata, safari yangu ya kwanza Nzuani, na nilitapika kutoka Moroni hadi huko bila kupumzika. Meli ilitia nanga mbali na ufuko, tukashushwa kwa mashua, mvua nayo ikaanza pale pale, mvua nzito ya kuziba macho. Kazi ya kushusha mizigo ikasimamishwa. Wachukuzi walikuwa wamejibanza chini ya ukuta, kundi zima, na nyuma yao mji wa mawe na vichochoro vyake vinavyotiririka maji. Mimi nikapanda kwenye ngazi, kanga imeloa, tumbo limegeuka, nimeshika kikapu.

Mwanaume mmoja akatoka kwenye lile kundi. Alikuwa amepanuka mabega, sikumjua mpaka alipokuwa mbele yangu. Akanipokea kikapu. Kisha pale pale, kwenye mvua, mbele ya wenzake wote, mbele ya Wanzuani na Wangazija na kila aliyetaka kusikia, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kutosha:

"Shikamoo, mama."

Miaka yote ile nimelingoja, na lilipokuja sikuwa tayari. Neno moja tu ndilo lililokuwa limebaki ndani yangu, likatoka.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nilikuwa namjibu. Lakini nililisema mara tatu, na shikamoo haijibiwi mara tatu. Wale wachukuzi walisikia kwa masikio yao ya kule, wakasikia mwanamke aliyelowa chapachapa anamshukuru mwanawe kama aliyeokolewa na moto. Mmoja akacheka, akamuuliza, "Mama yako anakushukuru kwa kitu gani?"

Mwanangu akanitazama, akaniona macho yangu, akajua kwamba hawa walikuwa wamesikia sawasawa.

"Kwa kulala," akawaambia, akanishika mkono tukaingia mjini.